Ufundi wa Kupima Mtetemo

Kipimo chenyewe hakina umeme wala kioo. Mezani panawekwa boksi la kiberiti lililofunguliwa, na kila upande wake, umbali wa kama sentimita 15, zinapangwa njiti kumi. Anayepimwa anaambiwa azirudishe njiti zote 20 ndani ya boksi, moja kwa mkono wa kulia, inayofuata kwa mkono wa kushoto, hivyo hivyo mpaka ziishe. Mpimaji ameshika saa, lakini macho yake yako kwenye vidole. Vinaifikiaje njiti? Vinaikosa mara ngapi? Vinatetemeka tangu vikiwa vimetulia mezani, au vinaanza pale vinapokaribia kushika?

Mwaka 2003 kipimo hiki kilifanywa Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji wadogo wilayani Geita, katika mradi wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, uliochunguza madhara ya zebaki. Walipimwa watu 180 wa eneo hilo, na wengine 31 wasiohusika na zebaki kwa ajili ya kulinganisha. Damu, mkojo na nywele vilichukuliwa kwenda maabara, lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanyika hapo hapo, uso kwa uso. Mtu alipewa penseli apige nukta nyingi kadiri awezavyo ndani ya sekunde kumi. Alichora mstari katika njia nyembamba bila kugusa kingo. Alisomewa tarakimu azirudie. Alifumba macho akagusa ncha ya pua kwa kidole, kisha akaweka kisigino juu ya goti la mguu wa pili na kukiteremsha taratibu kwenye muundi hadi chini. Wachomaji wa dhahabu, wale wanaokaa juu ya moshi wa zebaki inapopaa kutoka kwenye mchanganyiko wake na dhahabu, ndio walioonekana kuumia kuliko wote. Takriban robo yao walihesabiwa kuwa na sumu ya zebaki mwilini.

Nimeanza na zebaki kwa sababu ndiyo sumu inayofahamika zaidi katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita na Nyarugusu mpaka Kahama na Kakola. Ninachotaka kukisifu ni kile kilichoizunguka meza ile ya njiti: ufundi wa kumgusa mtu, kumtazama, kumpa kazi ndogo, na kutokana na hiyo kujua kemikali gani inafanya nini ndani ya ubongo wake. Ufundi huo huo ndio unaosoma mtetemo wa aina nyingine, wenye chanzo tofauti kabisa: dawa za kusisimua zinapovuruga serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya chembe za neva. Huo hauna maabara ya kuutegemea. Hakuna kipimo cha damu, Geita wala London, kinachoweza kusema kwamba serotonini ya mgonjwa huyu imezidi kwenye ubongo wake. Unajulikana kwa mkono wa mganga, au haujulikani.

Serotonini ilitengwa kutoka kwenye damu mwaka 1948, huko Cleveland, Marekani, na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa. Miaka mitano baadaye Betty Twarog akiwa na Page akaonyesha kwamba imo pia kwenye ubongo. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, kama asilimia 90, iko tumboni, kwenye utumbo. Ile ya ubongoni inatoka kwenye kundi dogo la chembe za neva zilizojipanga katikati ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Chembe hizo ni chache ukilinganisha na mabilioni yaliyoko kichwani, lakini nyuzi zake zinasambaa kila mahali. Nyingine zinapanda na kugusa usingizi, hofu, hamu ya chakula na hali ya moyo. Nyingine zinashuka kwenye uti wa mgongo na kuzichochea neva zinazoendesha misuli ziwe tayari kuitika. Hizi zinazoshuka watu huzisahau, na ndizo zitakazotupeleka kwenye mguu.

Mchimbaji aliyewahi kufanya kazi kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye maji ataelewa kinachofuata haraka kuliko wengi. Maji ya chini ya ardhi hayana mwisho, na duara linakalika kwa sababu pampu inavuta. Kwenye ukuta wa chembe inayotoa serotonini kuna pampu pia, protini ndogo sana, zinazoivuta serotonini iliyokwisha kupeleka ujumbe na kuirudisha ndani itumike tena. Kokeini huziba mdomo wa pampu: serotonini inabaki nje na inaendelea kugonga. Amfetamini na dawa za jamii yake zinafanya zaidi ya hapo. Zinaingia ndani kwa kupitia pampu yenyewe, kisha zinaigeuza, ianze kumwaga nje kile ilichopaswa kukivuta ndani.

Dawa hizi hazifanani, na tofauti zake ndizo mganga anazihitaji. Kokeini inakamata pampu za serotonini na za kemikali nyingine mbili za ujumbe, dopamini na noradrenalini, kwa pamoja. Amfetamini ya kawaida inamwaga zaidi dopamini na noradrenalini, serotonini kidogo. Ekstasi inaegemea kwenye serotonini. Methamfetamini, kwa dozi kubwa, imeonekana katika wanyama wa maabara kuziharibu ncha zenyewe za neva za serotonini. Kafeini inapita njia nyingine kabisa: inazuia adenosini, ile kemikali inayotuletea uchovu, na pampu hizi haizigusi. Kwa hiyo kijana aliyekunywa chupa kadhaa za kinywaji cha kuongeza nguvu ili amalize zamu ya usiku anaweza kuwa na moyo unaokimbia na vidole vinavyotetemeka, lakini kwa kawaida mguu wake hautasema kile tutakachokisikia hivi punde.

Mirungi nayo ina habari yake. Kiini chake chenye nguvu, katinoni, kilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1980 huko Geneva, Peter Kalix alichukua vipande vya ubongo wa panya, akavipa serotonini yenye mionzi vikaifyonza, akavisafisha, kisha akavipitishia katinoni na kupima mionzi inayotoka. Serotonini ilitoka, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko dopamini. Katinoni inapoa haraka. Ndani ya siku mbili tatu baada ya kuchumwa sehemu kubwa imegeuka kuwa kitu dhaifu zaidi. Ndiyo maana Meru, Kenya, ambako mirungi huitwa miraa na ni zao halali, mafungu yanafungwa kwenye majani ya mgomba na magari yanakimbizwa. Kwetu sheria ya mwaka 2015 inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, hata ile inayolimwa milima ya Same. Hapo mganga wa Tanzania anapata kazi ya ziada: mgonjwa aliyetafuna hatasema.

Tuchukue usiku wa kawaida katika kituo cha afya cha ukanda huu. Kijana analetwa na bodaboda, amebanwa katikati ya wenzake wawili. Ana joto, analoa jasho, hatulii, anaongea maneno yasiyoungana. Mmoja wa waliomleta anasema, "Daktari, malaria imempanda kichwani." Afisa tabibu hambishii. Anachoma kidole, anaweka tone kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na wakati kipimo kinasubiri dakika zake, anauliza.

Namna ya kuuliza ni nusu ya ufundi. Asiyejua anauliza, "Ametumia nini?" na jibu linakuwa "Hakuna." Anayejua anaanza mbali. Pole sana. Nani alikuwa naye tangu asubuhi? Ameingia duarani saa ngapi, ametoka saa ngapi, amelala lini mara ya mwisho? Amekula nini? Kuna dawa yoyote anakunywa, hata ya maumivu ya mgongo? Kisha, kwa sauti ile ile: "Wadogo zangu, mimi siulizi ili nimpigie mtu simu. Nauliza ili nijue dawa ipi nisimpe." Mara nyingi jibu la kweli linakuja hapo, au dakika kumi baadaye, nje ya mlango, kutoka kwa yule aliyekuwa kimya.

Swali la dawa ya mgongo lina uzito kuliko linavyoonekana. Tramadol, kidonge cha maumivu ambacho watu wa kazi nzito huweza kukitumia kwa mazoea, hupunguza maumivu kama jamii ya afyuni, na wakati huo huo huzuia pampu ya serotonini. Dawa za sonona kama fluoxetine huzuia pampu hiyo hiyo. Halafu kuna linezolid, ambayo sasa ni moja ya dawa kuu za kifua kikuu sugu. Linezolid inazuia kimeng'enya kinachoivunja serotonini. Wachimbaji wanavuta vumbi la mawe, na mapafu yenye vumbi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, kwa hiyo si ajabu mtu mmoja kuwa na vidonge vya TB sugu nyumbani, tramadol mfukoni na dawa ya kusisimua damuni. Kila kimoja peke yake huenda kisingemfikisha hapa. Vikikutana, kimoja kinaimwaga serotonini, kingine kinazuia isivutwe, kingine kinazuia isivunjwe.

Sasa mikono. Tabibu anamlaza kijana chali na kuanza na ngozi: imelowa au kavu? Imelowa. Anatazama mboni za macho, zimepanuka. Anaweka steteskopu tumboni, na hapa mtazamaji asiyejua atadhani amekosea mahali, kwa kuwa tatizo liko kichwani. Lakini tumbo ndilo ghala kubwa la serotonini. Serotonini ikizidi, utumbo unaunguruma bila kupumzika, na mtu anaweza kuharisha. Zipo sumu nyingine zinazoleta joto na kuchanganyikiwa kama huku, ila zinakausha ngozi na kulinyamazisha tumbo. Kwa ngozi na tumbo peke yake, njia moja imeshafungwa na nyingine imebaki wazi.

Anashika nyundo. Nyundo ya refleksi haipigwi kwa nguvu za mkono. Inashikwa kwa kulegea karibu na mwisho wa mpini, inaachwa idondoke kwa uzito wake kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Kipimo hiki kina umri wa miaka 150 hivi: Wilhelm Erb na Carl Westphal, Wajerumani wawili, walikieleza kila mmoja kwa upande wake mwaka 1875. Akigonga, mguu wa kijana unaruka kupita kiasi. Anagonga tena, polepole zaidi, na unaruka vile vile. Anapima mikono: inaitika kwa nguvu kidogo tu. Tofauti hii kati ya miguu na mikono anaiweka akilini, kwa sababu serotonini iliyozidi huonekana zaidi miguuni.

Kisha anafanya kile ambacho kwangu ndicho kilele cha ufundi wote huu. Anaukunja mguu wa kijana kidogo kwenye goti na kuutegemeza kwa mkono mmoja, akiutikisa kidogo kuhakikisha misuli imelegea. Msuli uliokazwa kwa hofu huficha kila kitu, na ndiyo maana wakati huo anaongea naye mambo ya kawaida, ametoka kijiji gani, ana watoto wangapi. Mkono wa pili anauweka chini ya unyayo, nyuma ya vidole. Ghafla anausukuma unyayo kuelekea juu, na hapo anatulia. Hauachii, hausukumi zaidi, anaushikilia kwa nguvu ile ile. Unyayo unaanza kudunda kiganjani mwake wenyewe, chini, juu, chini, juu, mara tano au sita kwa sekunde, bila kijana kutaka na bila kuweza kuuzuia. Hii ndiyo klonasi. Midundo miwili au mitatu inayofifia inaweza kutokea kwa mtu mzima mwenye afya. Mdundo wa kijana huyu haufifii. Anahesabu mpaka anaridhika, anauachia, anahamia mguu wa pili.

Mdundo huo una maana kwa sababu ya zile nyuzi zinazoshuka kutoka shina la ubongo. Serotonini ikizifurika neva za misuli kule chini, kila msuli unapovutwa unajibu kwa kujikaza, na ukilegea mkono wa tabibu unauvuta tena, nao unajibu tena. Tabibu ameshika unyayo, lakini anachokisikia kinatoka kwenye shina la ubongo. Hatua ya mwisho ni macho: anamwambia afuate kidole kinachopita mbele yake, na macho yanayumba huku na huku yanapojaribu kutulia.

Mwaka 2003, mwaka ule ule wa njiti za Rwamagasa, madaktari wa Newcastle, Australia, walichapisha vigezo vya kutambua sumu ya serotonini baada ya kupitia kumbukumbu za mamia ya wagonjwa waliozidisha dawa. Vinaitwa vigezo vya Hunter. Kinachonifurahisha ni kwamba baada ya takwimu zote, mzigo mkubwa uliangukia kwenye klonasi: inayokuja yenyewe, au inayoamshwa kwa mkono au ile ya macho, hizi mbili zikiambatana na jasho au kutotulia. Hakuna hata kigezo kimoja kinachohitaji maabara. Mgonjwa awe ametumia dawa inayogusa serotonini, na mpimaji awe na mikono inayojua.

Ukanda huu wa Ziwa una ushahidi mwingine wa mikono ya namna hiyo. Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa Tarime, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. William Howlett, daktari wa neva wa hospitali ya KCMC, Moshi, alishirikiana na George Brubaker wa hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi na Hans Rosling kuuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1990 wakauchapisha kwa jina lake, konzo. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioliwa kabla sumu yake haijatolewa vizuri. Nao ulisomwa kwa nyundo: refleksi zilizozidi, kifundo cha mguu kinachodunda, mwendo mkakamavu. Ila konzo huja mara moja na ukakamavu wake hauondoki, akili ikiwa timamu na mwili bila homa. Howlett baadaye aliandika kitabu, Neurology in Africa, kilichotolewa Bergen mwaka 2012, na kinaanza pale ninapodhani kila kitabu cha tiba kingeanza, kwenye namna ya kumwuliza na kumpima mgonjwa.

Kwa hiyo mguu unaodunda peke yake hautoshi. Anayeusoma anausoma pamoja na saa. Sumu ya serotonini huja ndani ya saa chache tangu dawa kumezwa au dozi kuongezwa, kwa kawaida haivuki siku moja. Mtetemo wa mlevi aliyekatishwa pombe huanza pombe inapopungua mwilini. Zebaki huchukua miezi na miaka. Mvuke wake ukishavutwa unapenya hadi ubongoni, hapo unabadilika na kushindwa kutoka. Mkono unaanza kutetemeka kidogo, halafu zaidi pale unapokusudia jambo, kuinua kikombe, kuandika jina, kuweka njiti kwenye boksi. Mtu anakuwa mwepesi wa hasira au wa aibu, analalamika ladha ya chuma mdomoni. Na hakuna kinachomzuia mchimbaji mmoja kubeba vyote, mkono wa zebaki na mguu wa serotonini, usiku mmoja, huku kipimo chake cha malaria nacho kikitoa mistari miwili. Nimewasikia watu wakidharau ngazi ya kituo cha afya kwa kukosa mashine. Kuvitenganisha vitu vitatu katika mwili mmoja kwa nyundo, saa na maswali ni kazi ambayo mashine nyingi haziiwezi.

Tiba haina makeke. Kila dawa inayogusa serotonini inasimamishwa. Diazepam inatolewa kutuliza misuli na mhangaiko. Maji yanawekwa mshipani. Mwili unapozwa kwa maji na upepo, maana joto hili linatoka kwenye misuli inayojikaza na dawa ya homa hailishushi. Mgonjwa hafungwi kamba kitandani, hata akipiga mateke; akishindana na kamba misuli inazidi kuchemka, na joto hilo ndilo linaloua. Wenzake wanaombwa wakae naye na kumshika kwa upole. Joto likizidi kupanda, anatafutiwa gari la kwenda hospitali kubwa bila kusubiri kuche.

Wengi hutulia ndani ya saa 24 baada ya kuacha dawa, na kila saa tabibu anarudi kwenye unyayo, anasukuma, anashikilia, anaandika idadi ya midundo kwenye faili. Kumi na zaidi. Nane. Nne. Inapofika asubuhi na kijana anaweza kuitikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kutoka kwa mama wa kitanda cha pili, kinachobaki ni mazungumzo ambayo hayakuwezekana usiku, juu ya alichotumia, nani alimpa na kwa nini zamu zake ni ndefu hivyo. Kisha tabibu anaandika kwenye cheti chake, kwa herufi zinazosomeka na majina kamili, dawa asizopaswa kupewa pamoja: tramadol, fluoxetine, linezolid bila uangalizi. Anamwomba akioneshe kila anapoingia duka la dawa, awe Katoro, Runzewe au Kahama, kabla hajasema anaumwa nini.